Nauza viatu mtandaoni peke yangu: nianze na kampuni, PIN au kibali?

SWALI

Kwako mshauri,

Pokea salamu kutoka Donholm. Kwa muda sasa nimekuwa nikiuza viatu vya watoto na mikoba ya akina mama kupitia WhatsApp, Instagram na TikTok. Mzigo mpya nautoa Kamukunji na Eastleigh, na mitumba ya kamera, ile ya daraja la kwanza, naichagua Gikomba alfajiri. Niko peke yangu: mimi ndiye napiga picha, napokea oda, napakia na kumwita mtu wa boda. Mauzo yamefika kama Sh150,000 kwa mwezi, na kuna kijana anayenitengenezea tovuti ambapo mteja atajichagulia na kulipa mwenyewe.

Hapo ndipo nimechanganyikiwa. Rafiki yangu anasisitiza nisajili kampuni, eti bila hiyo hakuna atakayeniamini. Mwingine anasema biashara ya mtandaoni haina leseni wala ushuru kwa kuwa sina duka. Pesa zote huingia kwenye laini yangu ya M-Pesa, ile ile ninayopokelea za chama na za nyumbani. PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru, ninayo tangu chuoni, sijaajiriwa, na kila mwaka huwasilisha ritani ya sufuri.

Kuna mengine mawili. Mteja mmoja alinirudia akidai pesa zake kwa sababu soli ya kiatu kipya ilibanduka siku ya nne. Kwenye ukurasa wangu nimeandika wazi kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kwa hiyo nilikataa. Alipoanza kunitusi, niliweka picha ya mazungumzo yetu Instagram, jina na namba yake vikionekana, ili wauzaji wengine wamjue. Sasa anasema atanishtaki. La pili, kuna anayeniletea raba zenye nembo za kampuni kubwa za nje kwa Sh900 kila jozi, na zinatoka haraka sana. Je, kuna shida?

Mama Viatu, Donholm

JIBU

Dada, kabla ya kusajili chochote, fungua Instagram ufute ile picha ya mazungumzo. Jina la mteja na namba yake ya simu ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Alikupa ili umfikishie kiatu, na kukutukana kwake hakukupi ruhusa ya kumuanika. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliagiza klabu moja ya burudani hapa Nairobi ilipe Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila idhini yake. Malalamiko ya aina hiyo mtu huyapeleka mwenyewe bila wakili. Futa, kisha mwandikie ujumbe mfupi wa kuomba radhi na umjulishe kwamba picha imeondolewa.

Kujisajili na ofisi hiyo si lazima kwa kiwango chako. Mwenye mauzo yasiyofika Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 amesamehewa usajili, isipokuwa yuko katika sekta zilizotajwa mahususi kama afya, elimu na huduma za fedha. Lakini masharti mengine ya sheria yanakushika kama yanavyoshika duka kubwa. Chukua taarifa unazohitaji kwa oda tu: jina, namba, mahali pa kufikisha. Kitambulisho cha mteja ni cha nini? Ukitaka kumtumia matangazo baadaye, muombe ridhaa peke yake, kwa kisanduku ambacho anakiweka alama mwenyewe, na umpe njia rahisi ya kujitoa. Yule kijana wa tovuti naye atakuwa na funguo za data hiyo. Hakikisha jina la tovuti limesajiliwa kwako, kwa barua pepe yako, na nywila kuu unayo wewe. Wapo wauzaji wanaogombana na mtengenezaji wa tovuti ndipo wagundue kwamba kisheria tovuti ni ya huyo mtengenezaji. Na ikitokea orodha ya wateja imeibwa kwa namna inayoweza kuwadhuru, una saa 72 tangu ujue kumwarifu Kamishna.

Sasa soli. Mrudishie mteja pesa au umpe jozi nyingine nzima, achague yeye. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inahesabu kwamba kila muuzaji ameahidi bidhaa yenye ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakutamka neno. Kiatu kipya cha mtoto kinachobanduka siku ya nne hakijafika hapo. Yale maandishi yako ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" hayakukingi, maana haki alizopewa mteja na sheria hii haziondolewi kwa makubaliano wala kwa tangazo. Unaweza kukataa kumrudishia aliyebadili nia tu, ilimradi masharti hayo aliyaona kabla ya kulipa. Mwenye bidhaa mbovu huwezi kumkatalia.

Sheria hiyo hiyo ina sehemu inayohusu mikataba ya kwenye intaneti, na hapa wenye tovuti ndogo huteleza sana kwa kunakili masharti ya duka la nchi nyingine. Kabla mteja hajalipa, aone wewe ni nani na unapatikana wapi, maelezo ya kweli ya bidhaa, bei kamili pamoja na usafiri, namna ya kulipa, muda wa kufikishiwa, na utaratibu wa kurudisha. Kisha apate ukurasa wa kuhakiki, ambapo anaweza kurekebisha kosa, kukubali au kukataa. Akishalipa, mtumie nakala ya makubaliano kwa maandishi, kitu anachoweza kukihifadhi na kukichapisha. Barua pepe inatosha. Usipomwonyesha yale ya mwanzo au usipompa nafasi ya kuhakiki, anaweza kuvunja makubaliano hadi siku 7 baada ya kupata nakala. Usipompa nakala kabisa, anazo siku 30 tangu mlipokubaliana. Mwambie mtengenezaji wa tovuti aweke hiyo barua pepe ijitume yenyewe. Ni kazi ndogo.

Maelezo ya bidhaa yawe hivi: "Kiatu cha ngozi cha mtoto, saizi 28, mtumba kamera, kisigino cha kushoto kimelika kidogo (tazama picha ya 3), Sh1,400. Kufikishiwa katikati ya jiji Sh200. Jumla Sh1,600." Neno mtumba lisikosekane. Kamera iwe safi kiasi gani, ukiiita mpya umetoa maelezo ya uongo kwa mujibu wa sheria hii, na mteja ana haki ya kuvunja ununuzi. Picha nazo piga mwenyewe. Picha ya muuzaji mwingine ina mwenyewe kisheria, na mara nyingi haifanani na kilicho ndani ya kifurushi.

Kuhusu kampuni, rafiki yako amekutangulizia gharama. Ni kweli kwamba tangu Sheria ya Kampuni ya 2015 mtu mmoja anaweza kuwa mwenye hisa na mkurugenzi pekee. Ni kweli pia kwamba kampuni ni mtu tofauti kisheria: ikidaiwa, kwa kawaida friji na sofa zako haziguswi, ilhali ukiuza kama mtu binafsi deni la biashara ni deni lako. Lakini kuisajili ni kama Sh10,650, ina PIN yake na ritani zake, inapeleka taarifa kila mwaka kwa msajili, na kuifunga kuna mlolongo wake. Kwa mtu anayeuza viatu kwa fedha taslimu, bila mkopo mkubwa na bila mshirika, jina la biashara linatosha. Fikiria kampuni utakapoanza kuchukua mzigo kwa mkopo wa mamia ya maelfu, au utakapopata mwenza.

Ukiuza kwa jina lako halisi bila kuongeza neno lolote, hata jina la biashara si lazima. Ukiongeza tu neno kama "Collections" au "Duka", lisajili. Unaingia eCitizen, unafungua huduma za BRS, ofisi ya kusajili biashara, na unapendekeza majina kadhaa, kwa sababu la kwanza mara nyingi hukuta limechukuliwa au linafanana mno na la mwingine. Maneno kama "Kenya" yanahitaji ruhusa, kwa hiyo yaepuke. Jina likikubaliwa huhifadhiwa kwa siku 30. Unajaza aina ya biashara, mahali ilipo, sanduku la posta, simu na barua pepe, unachapisha fomu, unatia sahihi, unaipakia tena na kulipa. Gharama yote ni kama Sh1,000. Maombi hukwama kwa vitu vidogo: jina la kitambulisho na la PIN kutofautiana herufi, au fomu iliyopigwa picha gizani. Kwenye aina ya biashara andika kwa upana, "uuzaji wa viatu, mikoba na nguo, dukani na mtandaoni", usije ukalazimika kufanya marekebisho utakapoongeza nguo. Ukikwama, Huduma Centre ya GPO wanasaidia.

Cheti hicho hakimzuii mtu mwingine kutumia jina lako kama chapa. Kinga ya chapa hutolewa na KIPI, taasisi ya serikali ya hakimiliki za viwanda, hudumu miaka 10 na huhuishwa. Inaweza kusubiri, lakini kabla ya kuchapisha mifuko yenye jina, tafuta kwao kama kuna mwenye chapa hiyo tayari.

Tufike kwenye ushuru, na hapa nakuomba usome polepole. Anayesema biashara ya mtandaoni haina ushuru anakuingiza shimoni. KRA haiangalii kama una mlango, inaangalia mapato. Na ritani ya sufuri kwa mtu anayeuza Sh150,000 kwa mwezi ni ritani ya uongo, hata kama ilijazwa kwa kutojua.

Kwa mauzo hayo mwaka wako unafika Sh1,800,000. Aliye zaidi ya Sh1 milioni na asiyezidi Sh25 milioni huingia kwenye ushuru wa mauzo, ule unaoitwa TOT. Tangu Julai 2023 kiwango ni 3%, na hutozwa juu ya mauzo yote, si faida. Kwako ni Sh4,500 kwa mwezi, Sh54,000 kwa mwaka, unaowasilisha na kulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi usio na mauzo nao unahitaji ritani. Unatumia PIN yako ile ile. Jina la biashara halipewi PIN yake. Ingia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, rekebisha maelezo ya PIN, ongeza mapato ya biashara na wajibu wa TOT.

Sheria inakuruhusu pia kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hutaki TOT, ukatozwa ushuru wa mapato wa kawaida kwa faida. Hebu tupige hesabu. Tuseme mzigo, usafiri, vifungashio na bando vinakula Sh1,500,000, unabaki na faida ya Sh300,000. Sh288,000 za kwanza hutozwa 10%, ambayo ni Sh28,800, na nafuu ya mtu binafsi ya Sh28,800 inaifuta yote. Sh12,000 zilizobaki hutozwa 25%. Ushuru wako wa mwaka mzima: Sh3,000. Ukilinganisha na Sh54,000, unaona kwa nini wengi hukimbilia njia hii.

Lakini tangu Januari 2024 matumizi ya biashara hayakubaliwi kupunguza ushuru bila ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya mfumo wa KRA, isipokuwa machache kama mishahara na mzigo ulioagiza mwenyewe na kuulipia forodhani. Sasa niambie, yule wa Kamukunji anakupa nini? Kikaratasi cha kalamu chenye muhuri, au hakuna kabisa. Tuseme Sh1,000,000 kati ya ile Sh1,500,000 haina ankara. KRA itakuhesabia faida ya Sh1,300,000, na ushuru wake, baada ya nafuu, ni Sh298,600. Karibu faida yako yote halisi ya mwaka imekwenda, kwa kukosa karatasi tu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ingia TOT sasa, kwa sababu haiulizi matumizi, na anza leo kudai ankara za eTIMS kila unaponunua. Wauzaji wa jumla wanazo. Wengi husubiri tu mteja aombe. Toa PIN yako kabla ya kulipa na uangalie imeandikwa juu ya ankara, maana isiyo na PIN ya mnunuzi haikusaidii. Kwa muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka, sheria sasa inaruhusu mnunuzi aandae ankara na muuzaji aikubali; itakufaa kwa mama wa Gikomba. Ukishamaliza mwaka ukiwa na ankara za sehemu kubwa ya mzigo, piga hesabu hii upya kwa takwimu zako ndipo uamue kumwandikia Kamishna au la. Asiye na karatasi asiiguse njia ya pili.

Wewe pia utoe ankara za eTIMS kwa mauzo yako. Huhitaji mashine: kwa biashara ndogo kuna eTIMS Lite, kwenye eCitizen au kwa kubonyeza *222# hata kwa simu ya kabambe.

Ritani za sufuri za nyuma zirekebishe mwenyewe kwenye iTax kabla hujaulizwa. Ritani inaweza kurekebishwa ndani ya miaka 5. Utalipa ushuru uliokuwa unadaiwa, na adhabu na riba ya 1% kwa mwezi juu yake, kwa hiyo kila mwezi unaoahirisha unaongeza deni. Ritani ya mwaka, mradi wajibu wa ushuru wa mapato bado uko kwenye PIN, ni kufikia Juni 30. Ukichelewa ni Sh2,000 au 5% ya ushuru, kubwa kati ya hizo. VAT usijisajili kwa hiari. Inakuwa lazima mauzo yakifika Sh5 milioni ndani ya miezi 12, na ritani moja ya VAT iliyochelewa ni angalau Sh10,000. Wapo walioiongeza kwenye PIN ili waonekane wakubwa, wakasahau, wakakuta deni la mwaka mzima bila kuuza chochote.

Ile laini ya M-Pesa itenganishe wiki hii. Pochi la Biashara unaifungua bila cheti chochote, huweka pesa za biashara kando na zako, na mteja hawezi kurudisha malipo bila wewe kukubali. Hilo peke yake linakuondolea wale wanaopokea mzigo kisha wanapiga simu kudai walituma kimakosa. Cheti cha jina la biashara kikitoka, chukua till, namba ya kulipia ya M-Pesa, yenye jina hilo. Taarifa yake ya kila mwezi ndiyo itakayokuwa hesabu yako ya TOT. Ukiendelea kuchanganya na za chama, siku KRA itakapouliza, wewe ndiye utakayekuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba, tuseme, Sh80,000 za chama hazikuwa za viatu.

Kibali cha Kaunti ya Jiji la Nairobi kinafuata mahali unapofanyia kazi. Stoo, kaunta ya kuchukulia mizigo au chumba ulichogeuza kuwa ghala vinakuhusisha. Omba kwenye mfumo wa kaunti wa mtandaoni. Tangu 2023 kibali kimoja kimeunganisha leseni ya biashara na vile vya zimamoto na afya, na ada hutegemea aina na ukubwa wa shughuli. Chagua daraja la biashara yako kwa uangalifu, maana ukijiweka kwenye lisilo lako unalipa zaidi kila mwaka. Lipa kwenye mfumo tu, usimpe mtu yeyote pesa mkononi. Kama unaishi kwenye ploti ya kupanga, soma mkataba wako: nyingi zinakataza biashara ndani ya nyumba, na hilo ni jambo kati yako na mwenye nyumba ambalo kibali cha kaunti hakilitatui.

Zile raba za Sh900. Jozi halisi ya kampuni hizo haitoki kwa bei hiyo ikiwa mpya, na wewe unajua. Chini ya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008, kuuza, kuweka kwa ajili ya kuuza au kutangaza bidhaa ghushi ni kosa la jinai. Kosa la kwanza ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya kila jozi, au vyote viwili. Ukiandika "copy" au "grade A" kwenye tangazo umekiri tu kwamba unajua. Muuzaji wa mtandaoni hukamatika kwa urahisi kuliko wa barabarani, kwa kuwa picha, bei na namba yake ya simu ameziweka mwenyewe. Na kwa kuwa huna kampuni, faini ni yako, mfukoni mwako.

Ondoa matangazo ya raba hizo leo, usiuze zilizobaki hata kwa jirani, na umrudishie aliyekuletea. Akikataa kukurejeshea pesa, usizisukume sokoni ili kuokoa mtaji. Ni heri kupoteza Sh900 kwa kila jozi.